Kopo Lililonyamaza

Tulilirusha Jumanne, baada ya kipindi cha nne:
kopo la soda lenye betri tumboni,
kihisi cha joto, kihisi cha kanieneo,
taa nyekundu ndogo kama jicho la panya,
na mwavuli alioushona Meruyert
kwa pazia la ukumbi, lile
ambalo mkuu wa shule bado analitafuta.

Puto likapaa juu ya nyika ya Ulytau.
Nyika hii imezoea vitu vya mbinguni.
Kuna mazizi hapa yameezekwa mabati ya roketi,
na kila mtoto ana mjomba aliyewahi kuona
chombo kikitua kwa kishindo na vumbi,
watu wakitolewa ndani kama vifaranga,
miguu yao imesahau kazi yake.
Lakini kitu cha kwenda juu, chetu wenyewe,
hicho hatukuwahi kuwa nacho.

Nambari zikaanza kushuka kwenye kompyuta.
Zhanbolat akazisoma kama mtangazaji wa mbio za farasi:
hasi kumi na mbili! hasi thelathini!
mita elfu tisa! hasi arubaini na tano!
Kisha, kwenye mita elfu kumi na moja mia tatu na kumi na mbili,
kimya.
Tukangoja. Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.

Siku ya tano mchungaji Tleubai akaja na pikipiki,
kopo kalifunga kwa skafu, kifuani,
kama mwanakondoo aliyezaliwa thelujini.
"Kondoo wamekula pazia lenu," akasema.
"Hiki chenyewe kinanyonya, au kinakula majani?"
Darasa likacheka. Akbota hakucheka.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa.
Namjua mtoto asiyejua jibu,
namjua anayelijua akaona haya.
Huyu alikuwa wa tatu:
anayelijua jibu kwa kuwa limetoka mikononi mwake.

Tulipolifungua, waya mweusi ulikuwa umeachia.
Palipolehemiwa hapakung'aa;
pamefifia, pana chembechembe,
kama uji ulioingia majivu.
"Niliona," akasema, akiutazama waya, si sisi.
"Niliona Jumatatu usiku. Mlikuwa mmeshavaa makoti."

Ningeweza kumpa methali. Usipoziba ufa...
ipo, na kila lugha ina yake,
na ukuta wenyewe ulikuwa umeshaanguka.
Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni:
Chuma hunywea kwa baridi. Plastiki hunywea zaidi.
Kiungo dhaifu huvutwa na vyote viwili.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
Nami niliona.

Maana niliona. Jumatatu ile, juu ya bega lake,
nilikiona kile kidoa kisichong'aa,
nikajiambia, mwache ajifunze.
Au nilikuwa nimechoka tu. Mpaka leo
sijapata kihisi cha kunipimia hilo.

Wiki iliyofuata tulilehemu upya, viungo vyote kumi na saba,
kila kimoja kikakaguliwa na mtu ambaye hakukitengeneza.
Kisha tukalipeleka kopo kwa mama yake Zhanbolat,
tukalilaza kwenye friza lake la nyama ya farasi,
kati ya mbavu na paja,
hasi ishirini na mbili, usiku kucha.
Haikuwa anga. Ilikuwa ndiyo anga tuliyoweza kuipata.
"Nyama yangu ikinuka radio," alisema mama, "mtaila nyinyi."

Akbota akakataa kurudi nyumbani.
Akaketi kwenye kigoda jikoni, daftari magotini,
na kila nusu saa akainua kifuniko,
kidogo tu, baridi isije ikatoroka.

Saa tisa usiku akanipigia simu.
Hakusalimu.
"Mwalimu," alinong'ona, kama mtu
asiyetaka kuiamsha nyama,
"bado linakonyeza."